Kusimamisha klasta ya Ceph: hesabu kwanza, amri baadaye

Siku hizi kusakinisha Ceph, programu inayounganisha diski za seva nyingi (klasta) kuwa hifadhi moja, hakuchukui muda. Seva ikiwa na Python 3, LVM2 (ya kugawa diski), chrony (ya kulinganisha saa) na Podman au Docker (za kuendesha kontena), amri moja ya `cephadm bootstrap --mon-ip` pamoja na IP ya seva ya kwanza inakupa monita (programu inayotunza hali ya klasta), meneja na dashibodi. Klasta nyingi zinazosumbua ziliharibika kabla ya hapo, kwenye ununuzi wa vifaa na kwenye hesabu ambazo hazikufanywa.

Anza na idadi ya seva. Monita huamua kwa akidi, yaani zaidi ya nusu yao lazima wawe hai na wanaonana. Ndiyo maana huwekwa 3 au 5. Ukiweka 2, mmoja akianguka hifadhi nzima inasimama. Seva 3 zinatosha kuanzia, lakini kama kila data ina nakala 3, seva moja ikifa nakala ya tatu haina pa kwenda. Tunapendekeza 4.

Sasa nafasi. Seva 4 zenye diski 4 za TB 4 kila moja ni jumla ya TB 64. Usigawanye kwa 3 ukaahidi TB 21! Toa kwanza seva moja nzima, kwa sababu siku ikifa data yake itahamia kwa zilizobaki: zinabaki TB 48. Onyo la kujaa hutoka kwenye asilimia 85, na kwenye 95 Ceph hukataa kabisa kuandika. Kwa hiyo 48 × 0.85 ÷ 3 = TB 13.6. Hiyo ndiyo namba ya kumpa bosi.

Atakayekuambia ushushe nakala ziwe 2 na `min_size` (idadi ndogo kabisa ya nakala hai inayoruhusu kuandika) iwe 1 ili upate nafasi, mkatalie. Diski moja ikianguka, data mpya inaandikwa kwenye nakala moja tu, na hiyo nayo ikifa kabla ya ukarabati kwisha, data imepotea.

Diski zipe Ceph moja kwa moja kupitia HBA (kadi inayoonyesha kila diski peke yake), bila RAID (kuunganisha diski kadhaa zionekane moja). SSD nunua zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Ceph husubiri kila maandishi yathibitishwe kuwa yamefika salama, na SSD za kompyuta za nyumbani hupoteza kasi vibaya hapo. Pima moja kwa `fio` (programu ya kupima kasi ya diski), vipande vya KB 4 na `--fsync=1`, kabla ya kuagiza zote. Kwa RAM, kila OSD (programu ya Ceph inayosimamia diski moja) hulenga GB 4; seva ya diski 4 isipungue GB 32.

Mtandao wa Gb 1 kwa sekunde hupitisha takriban MB 110, pungufu ya uwezo wa diski moja ya kawaida. Kuhamisha TB 4 kwa kasi hiyo ni saa kama 10, na muda wote huo watumiaji wako wanagombania njia ileile. Weka Gb 10. Ukitumia MTU 9000 (pakiti za mtandao za hadi baiti 9000), hakikisha kila poti ya swichi inaikubali: `ping -M do -s 8972`. Poti moja ikisahaulika, ping ya kawaida inapita vizuri huku OSD zikiripotiana kuwa zimekufa, zinaanguka na kuinuka. Saa nazo zisipishane zaidi ya sekunde 0.05, la sivyo monita watalalamika.

Kuongeza seva:

`ssh-copy-id -f -i /etc/ceph/ceph.pub root@seva2`
`ceph orch host add seva2 10.0.0.12`

Diski yenye mabaki ya mfumo wa zamani haitakubaliwa mpaka uisafishe kwa `ceph orch device zap seva2 /dev/sdb --force`. Linganisha namba yake ya utambulisho (serial number) kwanza, maana hakuna kurudi nyuma. Epuka `--all-available-devices`: agizo hilo hubaki likifanya kazi, na diski yoyote safi utakayochomeka baadaye, hata uliyoisafisha kwa kazi nyingine, itachukuliwa. Taja kila diski: `ceph orch daemon add osd seva2:/dev/sdb`.

Kabla ya data halisi kuingia, chomoa umeme wa seva moja huku `fio` inaandika. Fuatilia `ceph -s`: baada ya sekunde 600 OSD zake zinatolewa na kunakili kunaanza. Kwa matengenezo ya kupangwa, tanguliza `ceph osd set noout` ili data isihamishwe bure, na seva ikirudi utoe `ceph osd unset noout` papo hapo. Ukiiacha, diski itakayokufa baadaye haitatolewa, na nakala zake hazitarudishwa.