Kwa mnaoanza field: sensa ikikata, iseme imekata

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo tunapokea vijana wapya hapa Arusha, wengine wa vyuo vya hapa hapa, wengine wanapanda basi alfajiri kutoka Moshi. Ni vijana wazuri, wana njaa ya kujifunza. Lakini makosa ni yale yale, kana kwamba wanaachiana urithi. Wiki hii nimesimama nyuma ya kijana mwerevu kabisa, namwona anachomeka moduli ya sensa kwenye Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo ya bodi moja) inayowaka, VCC, yaani pini ya umeme, kaiweka kwenye volti 5, na kwenye skini skripti yake imeshaandikwa `except: pass`, yaani kosa likitokea, linyamazie. Nikamshika mkono. Ndiyo maana naandika. Mambo mepesi nitayapitia haraka, nikae kwenye lile linaloumiza.

1. Pini za GPIO, zile za Pi za kuunganishia vifaa, ni za volti 3.3. Hazistahimili 5, hata kwa bahati. Moduli ambayo rezista zake za kuvuta juu (pull-up) zimefungwa kwenye volti 5 itazipeleka volti hizo moja kwa moja kwenye SDA na SCL (waya wa data na waya wa mapigo wa I2C, njia ambayo Pi inaongea na sensa), hata kama muuzaji kakuambia inafaa kwa Pi. Iwashe moduli peke yake kwanza, weka mita kati ya SDA na graundi, usome. Ukiona karibu na 5, simama hapo hapo. Na zima Pi kabla hujagusa waya. Hili msinifanye nilirudie, tafadhali.

2. Kabla hujailaumu sensa, piga `i2cdetect -y 1`, amri inayoorodhesha anwani za vifaa vilivyojibu kwenye I2C. Jedwali likitoka tupu, jiulize: I2C umeiwasha kwenye raspi-config? SDA iko pini ya 3 na SCL pini ya 5? Graundi ipo? Pini za moduli zimechomewa risasi au umeziegesha tu kwenye matundu na kuzishikilia kwa kidole? Ukiona 76 au 77 kwa BME280 (sensa ya joto, unyevu na kanieneo), bado usishangilie. Soma rejista 0xD0, inayotaja aina ya chipu. Ikijibu 0x60, ni BME280 kweli. Ikijibu 0x58, umeuziwa BMP280, na hiyo haina unyevu hata ukiibembeleza mpaka jioni.

Halafu kuna hili la kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ambalo kila mwaka linamtoa mtu jasho. Mtu anasoma hektopaskali 860 hivi hapa mjini, anaangalia simu yake inasema 1015, anang'oa sensa na kuweka nyingine, nayo inasema 860. Sensa haina kosa. Simu inakupa kanieneo iliyorekebishwa hadi usawa wa bahari, na sisi hapa tuko karibu mita 1,400 juu yake. Kuna dada mmoja wa Moshi aliyenifurahisha sana kwa jambo hili. Hakubishana na mtu. Alifunga Pi kwenye pawabenki, akaipakata ndani ya basi, akairekodi safari nzima. Moshi ilisoma 915 hivi, na kuanzia Kikatiti kupita Usa River hadi Tengeru namba ikawa inashuka kila basi linavyopanda. Alipofika mezani grafu yake ilikuwa imeshajibu swali ambalo wenzake walikuwa wanalijibu kwa kununua sensa mpya. Fanyeni hivyo. Muulizeni mlima kabla ya kumuuliza muuzaji.

3. Hili ndilo lenyewe, na sitalifupisha.

Tulifunga mfumo wa kusoma joto kwenye chumba cha baridi cha mama mmoja anayekusanya maharage machanga ya wakulima, upande wa Usa River. Maharage yale yanataka nyuzi 5 hadi 7. Mezani kila kitu kilikwenda vizuri, sensa ya I2C kwenye waya wa shubiri moja, haikosei hata mara moja. Pale kwake Pi ikakaa ofisini, sensa ikaingia chumbani, na katikati tukapitisha waya wa mtandao wa mita nane hivi. SDA na SCL tukaziweka kwenye jozi moja iliyosokotwa, kwa sababu rangi zake zilipendeza pamoja.

Angalieni kilichotokea hapo. I2C ilibuniwa na Philips mwaka 1982 kwa ajili ya chipu zinazokaa pamoja ndani ya kifaa kimoja. Kikomo chake cha kapasitansi (chaji ambayo nyaya zinaihifadhi na kuchelewesha ishara) kwa kawaida ni pikofaradi 400 kwa njia nzima. Waya wa mtandao unabeba karibu pikofaradi 50 kwa kila mita, kwa hiyo mita nane peke yake zimeshafika ukingoni. Na ukisokota SDA na SCL pamoja, kila moja inamnong'oneza mwenzake. Kisha kompresa inawaka ukutani na kutia kelele yake. Usomaji ukaanza kukatika: `Errno 121`, yaani sensa haijajibu, inapona, inakata tena.

Hapo ndipo nilipokosea mimi, si waya. Nilikuwa na haraka ya kukabidhi kazi, na sikutaka mteja aone nafasi tupu kwenye skini siku ya kwanza. Kwenye skripti nikaandika kwamba usomaji ukishindikana, rudisha namba ya mwisho iliyosomeka. Mistari miwili tu. Makosa yakatoweka skinini, grafu ikawa laini, mama akafurahi, tukalipwa.

Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, na kompresa haikuwaka tena kwa sababu breka yake ilikuwa imeanguka. Pi ilikuwa kwenye betri, kwa hiyo haikuzima. Sensa ilikuwa imeacha kujibu kabisa. Na skini ya ofisini ikaendelea kuonyesha 6.4. Mlinzi aliamka kila saa kama alivyoagizwa, akaandika kwenye daftari: 6.4, 6.4, 6.4. Daftari lile nimelishika mkononi. Mwandiko wake ni mzuri, kila saa ipo, na hakuna hata moja iliyokuwa kweli.

Asubuhi mama alipofungua mlango, hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu na harufu ya majani yaliyolowa. Maharage yalikuwa yametoa jasho, ukiyashika yanateleza. Wakulima walikuwa wameshayaleta, wanasubiri hela yao. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa hiki kidude kilikuwa kinasoma nini?" Nikamweleza ukweli wote, hadi mistari ile miwili, na nikachangia hasara.

Chumba cha baridi kilicho hai hakitulii. Kompresa ikiwaka joto linashuka, ikizima linapanda, grafu inakuwa na mawimbi madogo madogo mchana na usiku. Mstari ulionyooka kwa saa nzima maana yake hakuna anayesoma. Kama mfumo ungeacha nafasi tupu, mlinzi angepiga simu saa sita usiku, breka ingepandishwa, na maharage yangesafiri. Nafasi tupu ingemwokoa yule mama. Namba yetu nzuri ndiyo iliyomwangusha.

Tulichobadilisha: sensa ya chumbani sasa inaongea lugha ya Modbus juu ya RS-485, njia ya nyaya ya masafa marefu, ambayo kwa kasi ndogo inaweza kufika hata mita 1,200. A na B, nyaya zake mbili za data, ndizo zinazokaa kwenye jozi moja. Usomaji ukishindikana skripti inajaribu tena kidogo, ikishindwa inaandika kwamba imeshindwa, na sababu yake. Kila namba skinini ina saa iliyosomwa. Ikipita dakika tano bila usomaji mpya, namba inafutwa na king'ora kinalia. Hakuna mwanafunzi atakayetoka mezani kwangu bila kuchomoa waya wa sensa mfumo ukiwa unafanya kazi, na kunionyesha kwamba skini imesema.

4. Pi nyingi hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika na intaneti ikachelewa, itaamka na saa ya uongo, na hapo saa niliyosema muandike kwenye kila namba haina kazi. Weka DS3231, moduli ya saa yenye betri. Anwani yake ni 0x68, kwa hiyo ukiwa na MPU6050 (sensa ya mwendo) kwenye njia hiyo hiyo, ihamishie MPU kwenye 0x69.

5. Usirundike moduli bila kuhesabu rezista. Pi tayari ina za kilo-omu 1.8 kwenye SDA na SCL. Ukiongeza moduli nne, kila moja na 4.7 yake, utafika karibu omu 700, na mkondo utazidi miliampia 3 ambazo chipu za kawaida zimeahidi kuzivuta chini. Mtaniambia "lakini inafanya kazi". Mezani, ndiyo.

Ukikwama niite, saa yoyote nipo. Njoo na matokeo ya `i2cdetect`, ujumbe wa kosa mzima bila kuukata, volti ulizopima kwenye SDA na SCL, na datashiti ikiwa wazi kwenye ukurasa wa anwani. Ukija na "haisomi, bro" nitakurudisha mezani, nitakuletea chai, na nitasubiri uzipime.