Kwa mnaoanza kufuatilia asteroidi, mawe yanayozunguka Jua, hapa Dodoma

Wadogo zangu, swali la kwanza mtakaloulizwa nyumbani ni hili: "Hilo jiwe litatugonga lini?" Jiandaeni kulijibu, maana litawaandama.

Mimi huanzia kwenye reli. Reli ya zamani inakatiza barabara palepale chini, gari na treni vinapita kipande kilekile cha ardhi. SGR hupita juu au chini ya barabara. Lakini ukichora zote mbili kwenye karatasi, mistari inakatizana vilevile. Asteroidi za makundi ya Apollo na Aten ziko hivyo: kwenye mchoro zinakata njia ya Dunia, ila obiti za nyingi, yaani njia zake za kuzunguka Jua, zimeinama, hivyo hazigusani na yetu. Hata zile zinazoigusa kabisa, lazima jiwe na Dunia vifike pale kwa wakati mmoja ndipo pawe na ajali. Kwa hiyo ulizeni kwanza obiti hizo mbili zinakaribiana kiasi gani. Zikikaribiana kwa chini ya kilomita milioni 7.5, na jiwe lina upana wa mita 140 hivi au zaidi, linaingizwa kwenye orodha ya kuangaliwa kwa makini. Umbali huo ni karibu mara 20 ya ule wa Mwezi, basi msimtishe mtu.

Kwenye picha za darubini, kazi ni uvumilivu. Unazipitisha nne za eneo moja la anga, haraka haraka, mpaka uone kinukta kinachosogea kati ya nyota zilizotulia. Kiende mstari ulionyooka, kwa hatua zinazolingana. Kikitokea kwenye picha mbili tu, kiacheni, hata kama roho inauma.

Vipimo vidogo vya mahali kinukta kilipo vina thamani. Oktoba 2008 jiwe la mita 4 hivi, 2008 TC3, lilionekana kwanza kutoka Arizona. Watu wengi wakalipima usiku huohuo, na saa 19 baadaye likapasuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan, kama mahesabu yalivyosema. Wenzenu wa Chuo Kikuu cha Khartoum walijipanga mstari, wakatembea mchangani wakiokota vipande vyeusi. Kila nikilisimulia hili najisikia fahari.

Na saa, jamani. Vipimo vyote huandikwa kwa saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu, tena tunahesabu kwa Kiswahili. Niliwahi kuwatoa wanafunzi nje kwenye baridi ya Julai saa tatu kabla ya wakati kwa sababu sikujumlisha. Asteroidi iitwayo Apophis itatukaribia zaidi tarehe 13 Aprili 2029 saa 21:46 za kimataifa, ikiwa kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini. Kwetu ni saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14. Afrika ni miongoni mwa sehemu itakakoonekana kwa macho matupu, kwa hiyo tokeni nje mapema jioni, mbali na taa za mjini, mkiomba mawingu ya mwisho wa masika yatupishe.