Waulize Mafundi: Haihati bubu na ramani za ngoma

Nimechomeka ngoma za kielektroniki za Roland kwenye Cubase, programu ya kurekodi muziki. Kiki na snea zinalia vizuri. Haihati (matoazi mawili ya kukanyaga) inalia nikiigonga juu ya uso wake, lakini nikiigonga ukingoni, kimya. Ala ya kompyuta ninayotumia kutoa sauti inafuata mpangilio wa General MIDI, yaani namba za kawaida za kila sauti. Je, pedi imekufa? – Msomaji, Tanga

Pedi ni nzima. Ngoma nyingi za Roland hutuma noti (namba ya sauti) tofauti kulingana na mahali unapogonga haihati. Usoni hutuma 42 ikiwa imefungwa na 46 ikiwa wazi. Ukingoni hutuma 22 na 26. Mpangilio wa General MIDI, uliotoka mwaka 1991, unaanza kuhesabu sauti za ngoma kwenye 35. Noti 22 inafika kwenye ala, haikuti kitu, basi.

Hakikisha kwanza: rekodi mapigo mawili matatu ya ukingoni, kisha tazama yameangukia noti gani. Ukikuta hizo mbili, fungua menyu ya MIDI, chagua Drum Map Setup (hapo ndipo penye ramani za ngoma, jedwali linalosema kila noti icheze sauti gani), simama juu ya GM Map, kisha kwenye Functions chagua New Copy na uipe nakala jina lako. Shuka hadi mstari ambao safu ya Pitch inasema A#-1, yaani 22, na kwenye O-Note (noti inayokwenda kwenye ala) weka F#1, yaani 42. Mstari wa D0, ambao ni 26, uwekee O-Note A#1, yaani 46. Andika majina ya kueleweka, "haihati ukingo, imefungwa" na kadhalika. Mwisho, kwenye Inspector ya treki, sehemu ya Map, chagua ramani hiyo.

Wengi hukimbilia safu ya I-Note, na hapo ndipo wanapojitia matatani. I-Note ni noti inayoingia kutoka kwenye pedi, na mistari miwili haiwezi kugawana I-Note moja. Ukiupa mstari wa 42 I-Note ya 22, ukingo utalia, ila uso utanyamaza. O-Note ndiyo inayokwenda kwenye ala, na hiyo mistari miwili inaweza kuitumia kwa pamoja bila ugomvi. Tena, siku ukipata ala yenye sauti halisi ya ukingo, utabadili O-Note tu; ulichokwisha kurekodi hakiguswi.

Hifadhi ramani kwa Save kama faili la .drm. Na kumbuka, treki zote zinazotumia ramani moja hubadilika pamoja unapoirekebisha.

Nilimtumia mwenzangu faili la MIDI la biti niliyotengeneza Cubase kwa ramani ya ngoma, kwake sauti nyingine hazilii kabisa. Kwangu ziko sawa. – Msomaji, Nairobi

Faili limebeba noti za safu ya Pitch, ramani imebaki kwako. Nakili treki, iteue nakala, tumia O-Note Conversion kwenye menyu ya MIDI, kisha weka No Drum Map kabla ya kutoa faili. Ukiiacha ramani, noti zinaweza kugeuzwa mara ya pili.

Nimerekodi sampuli za msondo, vumi na chapuo. Natumia Reaper, programu nyingine ya kurekodi, na nataka kuona majina badala ya vitufe vya piano. Niziweke noti zipi? – Msomaji, Unguja

Andika faili la maandishi matupu, kila mstari namba ya noti, nafasi, kisha jina:

36 Vumi
62 Chapuo kufumba
63 Chapuo wazi
64 Msondo

Lipakie kupitia menyu ya File ya dirisha la MIDI, kwenye majina ya noti, kisha ficha mistari isiyo na jina. Namba hizi hatukuzichagua ovyo: katika General MIDI, 36 ni kiki na 62 hadi 64 ni konga, kwa hiyo asiye na sampuli zako atasikia angalau ngoma za jamii hiyo. Tumia namba, si herufi, kwa sababu 36 huitwa C1 kwenye Cubase na C2 kwenye vifaa vingine. Faili hili hubadilisha majina tu. Sampuli zenyewe lazima uzipange kwenye noti hizo hizo ndani ya sampla, yaani programu inayocheza sampuli.