Wiski ya moshi haitaki haraka

Wengi wakionja wiski ya moshi kwa mara ya kwanza husema inanuka hospitali. Hawajakosea. Ndani yake mna fenoli na kresoli, jamaa wa kemikali za dawa za kuua vijidudu, na mna gwayakoli, ambayo ni harufu ya kuni zikiungua. Kosa ni kuiweka glasi chini hapo hapo. Harufu ya dawa ndiyo inayotangulia. Utamu huja nyuma yake, na humfikia aliyesubiri.

Tuanze na moshi wenyewe. Kisiwa cha Islay (tamka "Aila"), magharibi mwa Uskoti, kinachosifika kwa wiski hii, kina miti michache na mboji tele. Mboji hiyo ni majani na mizizi iliyorundikana kwenye ardhi ya majimaji kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Hukatwa vipande kama matofali, huanikwa, kisha huchomwa kama kuni. Wasomaji wa Rwanda na Burundi wanaijua, maana kwao pia huchimbwa mabondeni. Shayiri huloweshwa, huachwa iote mpaka iwe kimea, halafu hukaushwa juu ya moto wa mboji. Moshi hukishika kimea kingali na unyevu. Kikishakauka, ukiongeza kuni unapoteza kuni tu.

Wauzaji hupenda kutaja sehemu ngapi za fenoli zimo katika kila milioni. Kwa viwanda vya Islay ni hivi: Lagavulin na Caol Ila takriban 35, Laphroaig 40 hadi 45, Ardbeg karibu 55. Usinunue kwa kufuata namba hizi. Hupimwa kwenye kimea, si kwenye chupa, na njiani fenoli nyingi hupotea. Lagavulin na Caol Ila hutumia kimea cha kiwanda kimoja kilichoko Port Ellen, kisiwani humo humo, lakini ya kwanza ni nzito na ya pili ni nyepesi, ina undimu ndimu. Tofauti inatengenezwa kwenye mitambo ya shaba ya kuvukizia pombe, na kwa saa ambayo mpishi anaacha kukinga pombe inayotoka. Fenoli hutoka kwa wingi mwishoni mwa upishi, hivyo anayechelewa kukata huchukua moshi zaidi. Umri nao hufanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: kadiri wiski inavyokaa kwenye pipa la mwaloni, moshi hufifia. Ya miaka 10 kwa kawaida ina moshi mkali kuliko ya 25, na bei yake ni nafuu. Anayeanza namshauri Caol Ila ya miaka 12. Laphroaig 10 na Ardbeg 10 zinaweza kungoja.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobanwa. Glasi iliyonyooka, ile ya barafu, hutawanya harufu kabla haijafika puani. Ioshe kwa maji ya moto, usiifute kwa kitambaa chenye sabuni. Mimina mililita 25 au 30, uiache dakika 10. Chumbani pasiwe na udi wala manukato, na kahawa na pilipili ziwe zimepita nusu saa nyuma. Barafu usiweke. Baridi hufunga asali na matunda, ukabaki na jivu na uchungu, kisha ukailaumu wiski.

Usitumbukize pua. Alkoholi ya asilimia 46 huifisha pua kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Shika glasi usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, vuta pumzi polepole. Hapo utapata jivu la jiko la asubuhi, chumvi ya ufukweni, kamba ya jahazi yenye lami. Ipandishe glasi hadi mdomoni: ndimu. Ipandishe tena: vanila na asali, zinazotokana na pipa lililokuwa na bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani. Kwa aliyekunywa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa, kuna kitu hapo katikati atakachokitambua mara moja. Moshi hugusa kumbukumbu kwa njia yake: jiko la bibi, samaki wa kubanika, mvua ikinyesha nje. Ukimwona mwenzako amenyamaza ghafla, mwache. Usimuulize anaonja nini.

Funda la kwanza, kiasi cha kijiko cha chai, ni la kuuzoesha mdomo tu, lisikupe hukumu yoyote. La pili lishike kwa sekunde 10, lizungushe mpaka chini ya ulimi, meza, funga mdomo, toa pumzi kwa pua. Moshi utarudi kwa nyuma, safari hii umebeba utamu wa kimea, na joto litashuka kifuani taratibu. Mimi naona hiki ndicho kilele cha glasi nzima.

Sasa maji. Tia matone matatu hadi matano kwa kijiko, ngoja dakika mbili, nusa upya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli hukaa karibu na uso wa kinywaji alkoholi inapokuwa asilimia 45 au chini, na kwamba ikizidi 59 molekuli za alkoholi huizingira. Kwa hiyo chupa kali hufaidika zaidi na maji. Ile ya asilimia 40 hupwaya upesi. Wiski ikiingia ukungu usishtuke. Ni mafuta yasiyochujwa, haijaharibika.

Ukionja kadhaa, yenye moshi mwingi iwe ya mwisho, la sivyo zinazofuata zitakuwa kama maji. Tatu kwa usiku mmoja zatosha, uwe umekula, na gari libaki nyumbani. Pembeni weka korosho za chumvi au chokoleti nyeusi.

Na glasi ya mwisho usiioshe usiku huo. Iache mezani mpaka asubuhi. Alkoholi itakuwa imeruka, na ndimu nayo. Inusie ikiwa kavu: chini kabisa kumebaki moshi peke yake, mtamu, kama chetezo kilichozimika jana.