Slaki Inayolegea Kila Mara

Swali: Lori langu la breki za upepo lina slaki (mikono inayounganisha rodi ya chemba ya breki na shafti ya breki) zinazojirekebisha zenyewe, lakini ya gurudumu moja la nyuma hulegea kila baada ya siku chache, nami huikaza kwa spana. Je, niendelee hivyo?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Slaki ya aina hiyo ikihitaji kukazwa mara kwa mara, ama imeharibika, ama ilifungwa vibaya, ama pini na bushi zimelika, na kila unapoikaza unauficha ubovu huo. Weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini, achia breki ya kuegesha, kisha piga chaki kwenye rodi pale inapotokea kwenye chemba (kopo ambamo upepo huisukuma rodi hiyo). Mwenzako akanyage pedali upepo kwenye matangi ukiwa kati ya paundi 90 na 100 kwa inchi ya mraba. Kwa chemba ya kawaida ya aina ya 30, alama isisogee kutoka kwenye chemba hadi kufikia milimita 51. Usiidharau hata milimita moja, kwa sababu dramu (ngoma ya breki inayozunguka na gurudumu) hutanuka kwa joto, na rodi iliyotosha asubuhi huweza kufika mwisho wake katikati ya mteremko mrefu.

Matangi ya upepo nayo yatolewe maji kila siku. Mafuta mengi humo huashiria kompresa (pampu ya upepo) iliyochoka.