Gari Linanuka Kuungua? Kabla Hujanunua Spea, Jua Kinachoungua

Ilianza Namawojjolo, na ndiyo maana sikuijali. Anayeijua barabara ya Kampala kwenda Jinja anajua pale: magari yanasimama, vijana wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, moshi wa makaa unaingia mpaka kwenye nguo. Nilikuwa natoka Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla Kampala, na mzigo wa vitenge, narudi Tororo. Niliposhusha kioo nikasikia kitu kinaungua, nikasema ni majiko. Mbele yake ni Lugazi, na kiwanda cha sukari nacho kina harufu yake nzito. Nikaingia msitu wa Mabira, hakuna jiko wala kiwanda, na harufu ikapotea kabisa. Moyo ukatulia. Kufika Jinja, foleni ikanisimamisha, harufu ikarudi ndani ya gari.

Nilikaa nayo karibu mwezi mzima. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaangalia mara moja, akasema ni mikanda. Tukabadilisha mikanda yote miwili. Safari iliyofuata, harufu ile ile. Fundi wa pili akasema alteneta, ile inayochaji betri, inakaribia kuungua, nikatafute nyingine soko la spea la Kisekka, Kampala. Nilikuwa nimeshatenga pesa ya alteneta, pesa ya mzigo hiyo, shemeji yangu anayeendesha lori aliponiambia nisinunue kitu mpaka nimwone mzee mmoja hapa hapa Tororo.

Nikamwamkia, akaitikia, akauliza gari lina nini.

"Linanuka kuungua, mzee."

"Kinaungua nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Naye hakufungua boneti. Alikwenda kwenye jiko lake la makaa, akaweka kipande cha bati juu, kikapata moto sawasawa. Akadondosha matone mawili ya oili chafu. Akanisimamisha mbali kidogo, akapunga mkono ili hewa inifikie: nusa. Akakwangua, akaweka kipande kidogo cha mkanda wa zamani: nusa. Mwisho akaweka kipande cha waya chenye ganda lake: nusa, kisha akakitoa haraka. Haikuchukua dakika kumi, na tangu siku hiyo pua yangu si ile ya zamani.

Oili inayoungua ina harufu nzito, ya mafuta, kama karai la mandazi lililosahauliwa motoni. Mpira unakwaruza koo. Waya una ukali wa plastiki, unawasha macho, na ukiusikia mara moja hutausahau. Nilipofika kwenye waya nikajua alteneta haihusiki. Nilipofika kwenye mpira nikajua pesa ya mikanda ilikwenda bure. Harufu yangu ilikuwa ile ya kwanza.

Zipo nyingine ambazo mzee alinieleza kwa mdomo tu. Maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa yake yakivuja kwenye chuma cha moto yananukia utamu, na ndiyo maana nasema Lugazi na Kakira, penye kiwanda kingine cha sukari, zinaweza kukupoteza; pita kwanza eneo la kiwanda ndipo uamue. Klachi inayosaga ni kama karatasi zinazoungua, na hujitokeza mlimani au baada ya kukwama kwenye tope. Breki iliyogoma kuachia inanuka kama nywele zimepita kwenye moto. Hiyo ni rahisi kuithibitisha: simama, zunguka gari, kiganja kiwe karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile iliyoshikwa utaisikia kwa joto kabla hujafika. Usiimwagie maji baridi, disiki itapinda. Harufu ya yai bovu nayo ichukulie kwa uzito, maana inaweza kutoka kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kwenye betri kisipite sana volti 14 na nusu.

Baada ya kujua ni nini, mzee akauliza ni lini. Hapa ndipo nawaomba wasomaji wangu mtulie, kwa sababu mafundi wengi hawaulizi na sisi hatusemi. Inakuja ukipanda mlima, au ukishuka? Ukiwasha AC? Ukiwasha taa usiku? Asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya safari? Yangu ilikuja nikisimama baada ya mwendo mrefu, ikapotea nikikimbia. Akanieleza sababu, na ni rahisi. Gari likikimbia, upepo unapita kwenye injini na kusukuma moshi chini na nyuma. Likisimama, moshi unapanda juu, na tundu la kuingiza hewa ndani liko pale chini ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti. Unauvuta mwenyewe. Akaniambia nibonyeze kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Harufu ikapungua. Kwa hiyo ilitoka upande wa injini, si kwenye waya za dashibodi.

Ndipo sasa tukafungua boneti. Injini iliachwa ipoe kwanza, na hilo alilisisitiza: ekzosi inafika mamia ya digrii, na mfuniko wa rejeta ukifunguliwa moto unarusha maji yanayochemka usoni. Injini yangu ilikuwa imejaa vumbi lililoshikana na mafuta, huwezi kujua lipi la jana na lipi la miaka mitatu. Akaifuta upande mmoja kwa kitambaa cheupe hadi chuma kikaonekana. Halafu akatoa poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, akainyunyiza pale palipofutwa. Tukawasha injini robo saa, tukaizima, akamulika kwa tochi ya simu.

Nitauona mstari ule hata nikifumba macho. Poda nyeupe, na katikati yake njia nyembamba nyeusi, upana wa unyasi, imeanzia kwenye kona ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, imeteremka, imeishia kwenye bati linalofunika ekzosi. Mwisho wake pale kwenye bati palikuwa na doa la kahawia linalong'aa, na uzi mdogo wa moshi wa bluu. Gasketi ya tapeti kava, basi, ule mpira unaoziba oili isivuje. Alipoitoa ilikuwa imekauka kwa joto, akaikunja ikavunjika kama kijiti. Mpya ilikuwa bei ndogo sana ukilinganisha na ile alteneta niliyotaka kununua. Alikaza bolti zake kidogo kidogo kwa zamu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa mkono mwepesi, maana ukikaza kwa hasira kava inapinda au kupasuka na unarudi ulikotoka.

Nilipotaka kuondoka akaniambia harufu itaendelea siku kadhaa. Oili iliyokwisha kuzama kwenye bati la ekzosi lazima iungue yote iishe. Asingenionya, ningekwenda kwa fundi wa nne. Kijana mmoja gerejini alitaka kuiosha kwa petroli, mzee akamkatalia: petroli karibu na injini yenye joto ni kuomba moto. Wakasubiri ipoe, wakaosha kwa maji na sabuni, alteneta imefunikwa kavera, yaani mfuko wa plastiki.

Siku ya tatu nikiwa Iganga nikasikia harufu nyingine. Zamani ningesema "ile ile tena". Safari hii pua ilikataa: hii ni plastiki. Nikaegesha, nikazima, nikashuka. Kipande cha ile kavera kilisahaulika wakati wa kuosha, kikaanguka, kikagandia kwenye ekzosi. Injini ilipopoa nikakikwangua kwa kijiti, nikaendelea na safari. Mifuko ya barabarani nayo hunasa chini ya gari hivyo hivyo, na majani makavu, na ukiegesha muda mrefu panya wanaweza kujenga kiota juu ya injini. Angalia chini na juu kabla ya kumpa mtu pesa.

Haya yote ni kwa harufu inayokupa nafasi ya kuichunguza. Mbili hazikupi. Ya kwanza ni petroli mbichi. Ya pili ni waya unaoungua, hasa ukiona moshi kwenye dashibodi au taa zinafifia. Hapo usifike "pale mbele kwenye gereji". Toka barabarani, zima gari, toa watu wote, watoto kwanza, wakae mbali. Kama ni waya na hakuna moto, toa kichwa cha betri upande wa hasi. Kwenye Toyota nyingi ni spana namba 10, na yangu inakaa kwenye mfuko wa mlango. Kama ni petroli usiguse betri, cheche moja inatosha. Moshi ukiwa unatoka chini ya boneti usiifungue wazi, hewa inaupa moto nguvu. Mzigo uache. Nimewahi kuona mtu anarudi kuchukua magunia kwenye gari linalofuka, watu wakimvuta shati, na mpaka leo sipendi kulikumbuka.

Kila Jumamosi usiku naweka boksi lililofunguliwa chini ya injini, na asubuhi naliangalia kabla ya chai. Kahawia au jeusi ni oili. Kijani au jekundu jepesi lenye maji, ni rejeta. Jekundu zito lenye kuteleza, ni gia. Maji matupu ni ya AC, hayo yasikusumbue. Jumapili iliyopita lilikuwa na tone moja la kahawia, dogo kama mbegu ya papai, upande wa pili wa injini. Kesho nampelekea mzee, na poda ya mtoto nimeshanunua.