Maswali Yenu: Keki, Cheti cha Ndoa na Jina Jipya

Mwezi huu nimeziweka kando barua za viza na za kodi. Zimenijia barua tatu zinazogusa jambo moja, yaani serikali iingie wapi kwenye mapenzi, ndoa na jinsia za watu, na zote zimeandikwa na watu wanaoumia kweli. Nitazijibu kadiri ninavyojua. Mimi si wakili. Nimekuwa mkalimani mahakamani hapa Houston kwa zaidi ya miaka ishirini, na mengi nimeyajua kwa kusikiliza.

*

Shikamoo Mama. Kijana wetu yuko mwaka wa pili chuo kikuu, amejiunga na kikundi cha wanafunzi wanaojiita Walibertari. Likizoni alituambia mezani kwamba wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kuoana, halafu hapohapo akasema mwokaji aliyekataa kuwatengenezea keki ya harusi naye ana haki yake. Baba yake alimwambia achague upande mmoja aache undumilakuwili. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Hawa Walibertari ni watu wa namna gani? — Mama wa watatu, Houston

Marahaba, mdogo wangu. Mwanao si ndumilakuwili, na naomba umsomee baba yake jibu hili mpaka mwisho.

Wengi wetu likitajwa jambo hili swali letu la kwanza ni kama ni jema au baya, halali au haramu. Mlibertari haanzii hapo. Yeye huuliza ni nani anayeruhusiwa kumshurutisha mwenzake, na kwa kosa gani. Serikali kwake ni mwenye fimbo: ana polisi, ana jela, ana faini. Fimbo hiyo imchape mwizi, tapeli na muuaji, kwa sababu kuna mtu waliyemdhuru. Isimguse mtu mzima aliyeridhiana na mtu mzima mwenzake. Ukiishika kanuni hiyo sawasawa utaona inawalinda wapenzi wale, na inamlinda na mwokaji pia.

Kisa cha kwanza kilitokea hapahapa kwetu. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1998 polisi wa kaunti ya Harris walipigiwa simu kwamba kuna mtu ana bunduki kwenye nyumba fulani. Habari ile ilikuwa ya uongo. Walipoingia hawakukuta bunduki, ila walisema wamewakuta wanaume wawili, John Lawrence na Tyron Garner, wakifanya mapenzi. Wakawatia mahabusu, na baadaye kila mmoja akatozwa faini ya dola 200, maana sheria ya Texas ililihesabu tendo hilo kuwa kosa la jinai. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 26 Juni 2003 majaji 6 dhidi ya 3 wakaifuta sheria hiyo. Miongoni mwa waliopeleka maandiko ya kuwatetea wanaume wale ni taasisi ya Cato ya Washington, ambayo ni kama nyumba kuu ya wanafikra wa Kilibertari. Hata Jaji Clarence Thomas, aliyekuwa kati ya wale 3 waliopinga hukumu, aliandika kwamba sheria yenyewe ni ya kipuuzi na kwamba angekuwa mbunge angepiga kura ifutwe.

Mwaka ule nilikuwa nasomea ukalimani. Mwalimu alitugawia kurasa chache za hukumu ile, kila mmoja azitafsiri kwa lugha yake. Nilikwama kwenye neno moja tu, lile la mtu kuachiwa mambo yake ya ndani. Nikampigia baba yangu Tanga, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa msikitini, swala tano, na ndoa ya namna hiyo asingeikubali kamwe. Alininyamazia kidogo kwenye simu, akasema, "Faragha, mwanangu. Andika faragha." Halafu akaongeza kwamba sitara ya nyumba ni ya mwenye nyumba, na mgeni, hata awe liwali, kazi yake ni kupiga hodi. Mzee wangu hakuwahi kulisikia jina la Walibertari, lakini nilipokuja kuyasoma maandishi yao miaka mingi baadaye, nilimsikia yeye.

(Na kwa kuwa najua kuna watakaosema kwetu ni tofauti: sheria zetu za kumfunga mtu kwa jambo hili tuliachiwa na Waingereza. Wao wenyewe walianza kuiondoa yao mwaka 1967. Tanzania mpaka leo adhabu yake inafika kifungo cha maisha.)

Hawa watu wana chama chao pia. Kilianzishwa mwaka 1971, na tangu ilani ya kwanza ya mwaka 1972 kilitaka zifutwe sheria zote zinazoadhibu mapenzi ya watu wazima walioridhiana. Majimbo mengi ya Marekani wakati huo yalikuwa bado yanafunga watu. Vyama viwili vikubwa vilikuwa mbali kabisa na msimamo huo. Lakini Walibertari nao wana kovu lao. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria ya kuikataza serikali kuu kuitambua ndoa ya jinsia moja, na mbunge aliyeiandika, Bob Barr, ndiye waliyemsimamisha kugombea urais mwaka 2008. Alikiri hadharani kwamba alikosea.

Ukitaka kujua sheria ile ilifanya nini, mtazame Edith Windsor wa New York. Aliishi na mwenzake Thea Spyer zaidi ya miaka 40, akamuuguza kwa miaka mingi, wakafunga ndoa Toronto mwaka 2007. Thea akafa mwaka 2009. Angekuwa mume, serikali isingemdai Edith hata senti moja ya kodi ya mirathi. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, ikamdai dola 363,053. Mjane aliyetoka kuzika! Alishinda mwaka 2013, majaji 5 kwa 4. Mlibertari akisikia kisa hiki damu inamchemka, kwa sababu hapo serikali imetia mkono kwenye vitanda na kwenye mifuko ya watu kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye keki. Mwaka 2012, Lakewood, jimbo la Colorado, wanaume wawili waliingia dukani kwa Jack Phillips kuagiza keki ya harusi yao. Akawaambia atawauzia vitu vingine, lakini keki ya harusi hiyo hawezi, imani yake inamkataza. Jimbo likamtia hatiani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikamwondolea hatia, majaji 7 kwa 2, kwa sababu tume iliyomhukumu ilikuwa imeonyesha kuidharau dini yake. Na Cato? Mwaka 2015, kwenye kesi iliyohalalisha ndoa ya jinsia moja nchi nzima, iliandika kuwatetea wapenzi. Kwenye kesi ya keki iliandika kumtetea mwokaji. Mantiki ni ileile: serikali isiwabague raia wake, na isimlazimishe raia kutamka kwa mikono yake asichokiamini.

Mimi nakubaliana nao kuhusu jela, kuhusu kodi ya Edith, na hata kuhusu mwokaji, maana maua na maandishi yaliyo juu ya keki ya harusi ni usemi wa mtu. Pale wengi wao wanapoendelea mbele na kusema mwenye nyumba ya kupanga au mwajiri naye aachwe amkatae amtakaye, kwa sababu mali ni yake, pale nasimama. Nilifika hapa mwaka 1999 na watoto wawili. Nilipiga simu kuuliza nyumba, mama mmoja akaniambia ipo. Nusu saa baadaye nilipofika na sura yangu hii, ikawa imechukuliwa. Kesho yake rafiki yangu mzungu akapiga, ipo. Mlibertari ataniambia soko litamwadhibu yule mama, atapoteza kodi ya wapangaji wazuri. Huenda. Lakini usiku ule watoto wangu walilala sakafuni kwa watu, na soko halikuja. Kwa hiyo mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliposema ni marufuku kumfukuza mtu kazini kwa kuwa ni shoga, msagaji au amebadili jinsia, mimi nilifurahi, ingawa najua Walibertari wengi waliguna.

Baba na mwana wana la kuzungumza hapo, la maana kuliko "chagua upande". Mwambie mumeo amuulize kijana kuhusu nyumba ya kupanga, asikilize atajibu nini.

*

Bwana asifiwe, Mama. Nachunga kanisa dogo la ndugu kutoka Kongo na Kenya hapa Dallas. Waumini wanaogopa kwamba siku moja nitashitakiwa nikikataa kufungisha ndoa ya watu wa jinsia moja. Niwajibu nini? — Mchungaji

Amina, Mchungaji. Wajibu walale usingizi. Katiba inakulinda, na juu ya hiyo Texas ilipitisha sheria mwaka 2015 inayosema hakuna kiongozi wa dini anayeweza kulazimishwa kufungisha ndoa iliyo kinyume na imani yake. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 2022, ileile iliyoziwekea ndoa hizo ulinzi, nayo inasema hivyohivyo kwa makanisa.

Katika jambo hili Walibertari wako upande wako moja kwa moja. Wengine wao wangependa serikali ijitoe kabisa kwenye ndoa, ibaki kutambua mkataba tu, na baraka ziwe za kanisa, msikiti au wazee. Wanakumbusha kwamba leseni ya ndoa iliwahi kuwa silaha: Virginia iliwatia hatiani Richard na Mildred Loving kwa sababu mume alikuwa mzungu na mke mweusi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikomesha mwaka 1967.

Ila karani wa kaunti si mchungaji. Kim Davis wa Kentucky alikataa kutoa leseni mwaka 2015 akakaa mahabusu siku 5. Alilipwa kwa kodi ya wote, ilikuwa lazima awahudumie wote. Na kama kanisa lako linakodisha ukumbi kibiashara kwa kila mtu, hilo ni suala lingine, muone wakili kabla ya kuandika masharti.

*

Shikamoo Mama Mkalimani. Mtoto wa dada yangu ana miaka 22. Alizaliwa wa kiume, sasa anaishi kama mwanamke na amejichagulia jina la kike. Mume wangu anajiita Mlibertari. Anasema serikali isimwingilie yule mtoto, lakini yeye hatamwita kwa jina hilo na hakuna wa kumlazimisha. Dada yangu analia kila siku. Mtoto amesema hatakuja tena kwetu. Na hati zake, je, anaweza kubadilisha jina na jinsia? — Mama Mdogo, San Antonio

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mpe pole dada yako.

Mumeo ameieleza imani ya Walibertari vizuri. Mwili wa mtu mzima ni wake, dawa za kubadili jinsia anazopatana na daktari wake ni zake. Na kweli hakuna polisi wa kumlazimisha baba mdogo kutamka jina. Kwa watoto wadogo Walibertari wenyewe wamegawanyika. Texas ilipiga marufuku dawa hizo kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 2023, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliiacha sheria kama hiyo ya Tennessee isimame, 6 kwa 3. Wapo wanaosema uamuzi ni wa mzazi na daktari, si wa wabunge. Wapo wanaosema mtoto hawezi kuridhia jambo zito hivyo. Lakini wenu ana miaka 22, hayo hayamhusu.

Shida ya mumeo ni kwamba amejibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemtishia kwa sheria. Aliyesimama mbele yake ni mtoto aliyempakata, anaomba aitwe jina lake. Uhuru wake wa kukataa upo. Vilevile ana uhuru wa kukubali, na huo haumpunguzii chochote. Kwetu Tanga mtu akienda jando hurudi na jina jingine, na asiyeliita huonekana amemvunjia heshima. Bibi yangu alibadili jina ukubwani aliposilimu, na wazee waliompinga dini bado walimwita jina aliloingia nalo. Mwambie mumeo, kwa heshima: mimi ninayempinga kwenye mambo ya nyumba za kupanga namuunga mkono kwamba asilazimishwe. Kwa sababu halazimishwi, namwomba.

Kuhusu hati ulizoniuliza mwishoni mwa barua: tangu Agosti 2024 Texas haibadili tena alama ya jinsia kwenye leseni ya udereva, hata kwa amri ya mahakama. Walibertari huuliza kwa nini leseni ya udereva imwandike mtu jinsia hata kidogo, na mimi sijapata jibu la kuwapa. Jina, hata hivyo, bado linabadilishwa. Anapeleka maombi mahakamani kwenye kaunti anayoishi, pamoja na alama zake za vidole, analipa ada, anapangiwa siku ya kusikilizwa. Huwa ni dakika chache mbele ya jaji. Kama dada yako atataka kuwepo na Kiingereza kinampiga chenga, niandikieni tarehe mapema. Nikipata nafasi nitakuja nikae kando yake, nimnong'onezee yanayosemwa.